Kwa nini mwokota chupa anaiacha chupa yangu ya mafuta ya nazi?

"Assalamu alaykum mwalimu. Mimi na wenzangu wanne tunakamua mafuta ya nazi hapa Malindi, na kwa mwezi tunajaza chupa kama elfu mbili za mililita 250. Nyingi tunauza hapa, Watamu na Nairobi, na kila wiki natuma katoni kadhaa Lamu. Chupa yetu ni ya plastiki ya rangi ya kahawia, juu ina pampu, na imevikwa lebo ya plastiki inayobana chupa yote kutoka shingoni hadi chini. Mwezi uliopita hoteli mbili zimeniambia hazitaki tena chupa isiyorejelezeka. Anayeniuzia chupa anasema yetu inarejelezeka kwa sababu chini ina pembetatu yenye namba 1, lakini papo hapo akaniletea sampuli ya chupa nyingine 'inayooza yenyewe', bei yake juu. Kijana anayeokota chupa mtaani kwetu anachukua za maji, zangu anaziacha pale pale. Mume wangu anasema turudi kwenye chupa za kioo. Nifanye nini? Na je, nianze kukusanya chupa zangu mwenyewe?"

Waalaykum salaam, dada. Katika barua yako yote, kilichonishika ni yule kijana. Muuzaji wako amekwambia jambo moja kwa mdomo, kijana amekwambia jingine kwa mikono yake, na mwenye haki ni kijana. Anajua kwamba akifika na gunia kwa mnunuzi, chupa ya kahawia itatolewa na kutupwa kando kabla gunia halijapanda mizani. Amebeba uzito wa bure juani. Kwa hiyo nitaanza pale kwenye mizani, kisha turudi nyuma pamoja mpaka kwenye meza yako ya kujazia.

Nimeelewa kwamba hofu yako ni mbili: kuwapoteza wenye hoteli, na kutoa pesa kwa kitu ambacho ni kizuri kwa jina tu. Hofu zote mbili zina msingi.

Ile pembetatu kwanza. Alama hizo zilianzishwa Marekani mwaka 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki, ili anayechambua ajue ameshika plastiki ya aina gani. Namba 1 ni PET, ile ya chupa za maji. Namba 2 ni HDPE, ya mitungi ya manjano. Namba 5 ni PP, ya vifuniko vingi. Basi, kazi ya namba inaishia hapo. Ukimwambia mtu "huu ni mkoko" umemtajia mti, hujamwambia kama kuna fundi anayeutaka wala kama una fundo ndani. Muuzaji wako hakukudanganya kuhusu plastiki yenyewe. Alichokosea ni kudhani kwamba chupa ni plastiki yake tu. Chupa yako ni PET, pamoja na rangi, pamoja na ganda la lebo, pamoja na gundi, pamoja na pampu yenye springi ya chuma ndani. Anayerejeleza anapokea vyote hivyo kwa pamoja.

Sasa ifuate chupa safari yake. Kijana anaiuza kwa mnunuzi wa mtaani. Mnunuzi anazikandamiza chupa ziwe robota, robota linapanda lori kwenda Mombasa au mbali zaidi. Kiwandani robota linafunguliwa, watu wanachambua kwa macho na mikono, kisha chupa zinasagwa zikawa chenga ndogo kama kucha. Chenga zinaoshwa, na ndani ya pipa la maji ndipo uchambuzi mkubwa unapotokea bila mtu kugusa kitu. PET ni nzito kuliko maji, uzito wake ni kama mara 1.38 ya maji, kwa hiyo inazama. Kifuniko cha PP au HDPE ni chepesi kuliko maji, kinaelea na kukombwa juu. Inayobaki chini inakaushwa na kuyeyushwa kwenye joto la karibu nyuzi 260.

Jambo hili unaweza kulijaribu jikoni kwako leo, na nakuomba ulijaribu kabla hujazungumza tena na muuzaji. Chukua chupa yako moja tupu. Kata kipande cha chupa, kipande cha ile lebo inayobana, na kipande cha shingo ya pampu, kila kimoja ukubwa wa ukucha. Jaza beseni maji, tia tone la sabuni ya vyombo ili mapovu ya hewa yasishike vipande, kisha vizamishe kwa kidole na uviachie. Chupa itakaa chini. Pampu itapanda juu. Itazame lebo. Kama nayo imekaa chini pamoja na chupa, umeshaona kwa macho yako kinachomsumbua mwenye kiwanda: maji hayawezi kumtenganishia.

Lebo nyingi za kubana zinazozama ni za PVC, au za plastiki nyingine jamaa ya PET ambayo inalainika mapema. Ikiwa ni PVC, kwenye joto la kuyeyushia PET haiyeyuki kwa amani; inaharibika, inatoa mvuke wa asidi unaokula mashine, na PET nzima inageuka njano na kuwa dhaifu. Kiasi kidogo sana kinatosha kuharibu mzigo mkubwa. Ikiwa ni ile nyingine, inalainika wakati wa kukausha na chenga zinagandamana mabonge. Niliwahi kusimama kwenye kiwanda kimoja wakati mashine ya kukaushia imefunguliwa, na vijana wawili wanabomoa kwa mtarimbo bonge kubwa kama kichuguu cha mchwa. Bonge lile lilikuwa na vipande vya lebo za rangi rangi ndani yake, kila kimoja kimevutia mtengenezaji fulani mteja fulani dukani. Tangu siku hiyo sijaweza kuiona lebo ya kubana kama pambo.

Naomba usilijaribu hilo kwa moto nyumbani. Moshi wa PVC ni sumu. Beseni la maji linatosha.

Kwa hiyo la kwanza kuondoka ni ganda hilo. Weka lebo ndogo, ya karatasi au ya plastiki ya PP inayoelea, isiyofunika zaidi ya nusu ya chupa, na umwambie mchapishaji unataka gundi inayoachia kwenye maji ya moto. Akikwambia gundi zote ni sawa, bandika sampuli, loweka usiku kucha, asubuhi uvute. Ikitoka bila kuacha utando wa kunata, ndiyo hiyo.

Kisha rangi. Nadhani ulichagua kahawia kwa sababu uliambiwa mwanga unaharibu mafuta. Kwa mafuta ya alizeti hoja hiyo ina nguvu. Kwa mafuta ya nazi nguvu yake ni ndogo, kwa sababu karibu asilimia 90 ya mafuta ya nazi ni ya aina iliyoshiba, ambayo haichachi upesi kwa mwanga na hewa. Adui wa mafuta ya nazi ni maji. Tui lisilotengana vizuri, chupa iliyojazwa ikiwa na unyevu ndani, hayo ndiyo yanayoleta harufu mbaya. Ukiyakausha mafuta yako sawasawa na kuyaweka kwenye katoni mbali na jua, chupa nyeupe ya uwazi inakutosha. Tena mteja ataona weupe wa mafuta yako, na kizuri chajiuza.

Na kwa mrejelezaji, rangi ni bei. Plastiki ya uwazi inaweza kugeuzwa chochote, kama kitambaa cheupe ambacho mtu anaweza kukitia rangi aitakayo. Ya kahawia itabaki ya kahawia, na ikichanganyika na nyeupe inaichafua. Mnunuzi wa kahawia huenda yupo mahali fulani, lakini hawezi kujaza lori kwa chupa za mafuta ya nazi peke yake, kwa hiyo hapa kwetu ni kama hayupo.

Pampu sasa, na hapa nitakaa kidogo maana shida yake inazidi taka. Ndani ya pampu mna springi ya chuma na mara nyingine gololi. Ikisagwa, plastiki yake inaelea lakini chuma kinazama pamoja na PET na kuharibu visu. Hilo peke yake lingetosha. Lakini fikiria mteja wako wa Nairobi. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25. Malindi unayaona yamekuwa maji karibu mwaka mzima. Nairobi mwezi wa Julai yameganda kama samli, na pampu haitoi kitu. Mteja anabonyeza, anachoka, anafungua, kidole hakiingii kwenye shingo nyembamba. Mwisho anaitupa chupa ikiwa na robo ya mafuta ndani. Umempoteza mteja, na umepeleka kwenye gunia la kijana chupa inayonata, iliyokusanya mchanga na sisimizi, ambayo mnunuzi ataikataa hata kama ni nyeupe.

Kopo la PET la uwazi, lenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha, linatatua yote kwa mkupuo. Kidole kinaingia, kijiko kinaingia, mafuta yanakombwa mpaka mwisho. Kadiri mteja anavyoweza kulimaliza, ndivyo linavyofika safi. Kifuniko kiwe cha PP, kipande kimoja, kisicho na karatasi ya fedha iliyobandikwa mdomoni ambayo nusu yake hubaki imeshika. Watu wa ufundi huita haya kubuni kwa ajili ya kurejeleza, na sehemu kubwa ya kazi ni kupunguza vitu, si kuongeza.

Uzuri wa kopo lakini una mpaka, nami nikwambie mapema. Baadhi ya wanunuzi huchukua chupa za maji tu na hawataki makopo. Kabla hujaagiza, nenda kwa mnunuzi anayepimia mizigo ya yule kijana, umuulize ana kwa ana. Akisema hapana, tafuta chupa ya uwazi yenye shingo pana kidogo badala ya kopo. Yeye ndiye anayeamua, mimi siwezi kuamua nikiwa huku.

Chupa "inayooza yenyewe" iache. Neno hilo hufunika vitu viwili tofauti. Kimoja ni plastiki ya kawaida iliyotiwa dawa inayoifanya ivunjike vipande vidogo ikipigwa na jua. Haiozi, inasagika tu, na Umoja wa Ulaya umezuia bidhaa za aina hiyo tangu mwaka 2021. Kingine ni plastiki inayotengenezwa kwa mimea kama mahindi, PLA. Hiyo inaoza kweli, lakini kwenye mitambo ya mboji yenye joto la karibu nyuzi 60 kwa wiki kadhaa. Kwenye mchanga wa ufuoni au ndani ya bahari itakaa miaka. Mbaya zaidi, inafanana na PET, inazama kama PET, na ikiingia kwenye robota la chupa za maji inaliharibu. Ungelipa zaidi ili umwongezee kijana shida.

Mume wako hajakosea kuhusu kioo, ila swali lake linahitaji jingine la pili: kioo kinarudi? Chupa ya kioo ya ukubwa wako ina uzito wa mara kadhaa ya ile ya plastiki. Utalipa uzito huo kwenda Nairobi, utalipa zinazovunjika, na ikitupwa huko haina anayeiokota kwa hamu. Lakini kioo kinaweza kuoshwa kwa maji ya moto na kujazwa tena mara nyingi, jambo ambalo PET ya kawaida haiwezi, kwani maji yakipita nyuzi 70 hivi inajikunja. Wote tumekua tukirudisha chupa za soda dukani, kreti kwa kreti; mfumo ule ulifanya kazi kwa sababu lori lililoleta zilizojaa ndilo lililorudi na tupu, na mteja alikuwa na pesa zake pale. Kwa maduka ya Malindi na Watamu unayoyafikia wewe mwenyewe kila wiki, kioo chenye dipoziti kinawezekana. Kwa Nairobi sikushauri.

Kwa hoteli nakushauri uache vichupa kabisa. Hoteli haina haja ya chupa za mililita 250. Ina haja ya mafuta. Wapelekee mtungi wa HDPE wa lita 20, namba 2, ambao nao ni chombo cha kurudi. Wao wajaze vyombo vyao vya kauri au vya kioo vya chumbani. Ukileta mtungi uliojaa, unaondoka na mtupu. Andika namba kwenye kila mtungi kwa rangi isiyofutika na uwe na daftari la mtungi upi uko wapi, maana mitungi ni kitu cha kwanza kugeuzwa cha kutekea maji. Kuosha ni maji ya moto na sabuni, kisha usimame juu chini mpaka ukauke kabisa, siku mbili kama ni msimu wa mvua. Tone moja la maji likibaki, yale niliyosema kuhusu harufu yanarudi. Ukipasuka baada ya miaka, mtungi wa HDPE una soko kila mahali pwani hii.

Hapo ndipo Lamu inapoingia. Katoni zako zikifika Lamu, kila kitu kitakachobaki kitapaswa kubebwa na punda au mkokoteni hadi gatini, kipande cha bahari hadi Mokowe, kisha barabara ndefu hadi Mombasa. Thamani ya gunia la chupa tupu inaishia njiani, kwa sababu gunia lile ni hewa iliyozungukwa na plastiki. Ndiyo maana watu wa Lamu wameona busara kugeuza plastiki hapo hapo. Jahazi la Flipflopi lilijengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa vipande vya ndara, fundi Ali Skanda akiongoza, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Sasa angalia plastiki inayofaa kutengenezea mbao za namna ile: HDPE inalainika kwenye nyuzi 130 hivi na ina unyumbufu, PET inataka karibu mara mbili ya joto hilo, na isipokaushwa sawasawa inatoka ikivunjika kama biskuti. Kwa hiyo kopo la PET linaloeleweka Malindi ni mzigo Lamu. Wateja wa Lamu wapelekee mitungi, na kwa wanaonunua rejareja, mwenye duka apime kwenye chombo cha mteja kama mafuta ya taa yalivyokuwa yakipimwa. Chombo kimoja hakifai kila mahali, na wewe una bahati ya kujua vyako vinakwenda wapi.

Uliuliza kuhusu kukusanya mwenyewe. Piga hesabu hii. Chupa tupu ya ukubwa wako ina gramu kama 20. Elfu mbili, zikirudi zote, na hazitarudi zote, ni kilo 40 kwa mwezi. Bila kukandamizwa zinaweza kujaza tuktuk nzima. Utakuwa umeajiri dereva abebe hewa ili uuze kilo 40. Lakini chupa za maji zina mkondo wake tayari, wenye waokotaji, wanunuzi na malori. Wewe tengeneza kopo linalofanana nazo kiasi kwamba linaingia gunia lile lile bila mtu kusita. Kama una pesa kidogo ya kuweka kwenye jambo hili, mwongezee mnunuzi wa mtaani kitu kwa kila kilo ya makopo yako, au wanunulie waokotaji glavu na magunia. Itafika mbali kuliko tuktuk yako.

Muuzaji atakwambia kopo la uwazi lina kiwango cha chini cha kuagiza, labda zaidi ya unachoweza. Hapo watafute wenzako, wenye achari za embe, wenye sabuni za maji, wenye asali. Agizeni kopo moja la aina moja, kila mtu abandike lebo yake. Bei itashuka, na mnunuzi wa plastiki atapata makopo mengi ya sura moja ambayo jicho lake litayazoea. Chupa za kahawia ulizo nazo stoo zimalize, usizitupe zikiwa mpya. Ila kuanzia sasa zitoke bila lebo ya kubana.

Kuna mahali ambapo barua yangu haitoshi. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, na kanuni za mwaka 2024 zinazomtwika anayeingiza bidhaa sokoni wajibu wa kifungashio chake hata baada ya kuuza. Namna zinavyokugusa wewe, mwenye kikundi kidogo, nenda ukaulize ofisi ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ya kaunti ya Kilifi, na ubebe sampuli mkononi. Kama mafuta yako ni ya kula, si ya nywele na ngozi tu, zungumza na KEBS, shirika la viwango, kabla hujabadilisha chombo, na usikubali kopo la bei rahisi lililotengenezwa kwa plastiki iliyorejelezwa mpaka muuzaji akuonyeshe cheti kwamba inaruhusiwa kugusa chakula. Muulize pia muuzaji akuandikie, si akwambie tu, kopo ni plastiki gani, kifuniko ni plastiki gani, lebo ni plastiki gani. Akisitasita kwenye lebo, rudi kwenye beseni lako.

Kwa wale wenye hoteli, waandikie unachoweza kukithibitisha: kwamba mitungi inarudi kwako, na kwamba makopo ya rejareja ni PET ya uwazi anayonunua mnunuzi wa Malindi, mtaje ni yupi. Neno "inarejelezeka" peke yake usilichape kwenye lebo.

Na kabla hujalipa arubuni ya makopo, chukua sampuli tano, zitumie nyumbani mpaka ziishe, zioshe kama mteja wa kawaida angeziosha, kisha ziweke mahali yule kijana anapopita asubuhi. Usimwambie kitu. Kama jioni zimeondoka, agiza. Kama zipo, mwite, mkalishe, mpe chai, umuulize amezikataa kwa nini, kisha uniandikie alichosema.